Mkwe Niliyemjua kwa Kikohozi

Mkwe wangu alikuwa na vikohozi vitatu. Cha kwanza kilikuwa kifupi, maana yake anatoka ndani. Cha pili kilikuwa kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni, maana yake anakuja upande wa jikoni. Cha tatu kilikuwa kikohozi chenyewe, cha mafua, na hicho ndicho kilichonitesa, kwa sababu kila alipougua nilishinda nikikimbia huku na huko bila sababu ya maana.

Ukoo wa mume wangu ni Wandali wa Ikinga, kule Ileje, na katika ukoo huo mkamwana na baba mkwe wake hawaonani uso. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawakutani njiani. Wakikutana kwa bahati mbaya, mkamwana anaacha njia na kuingia shambani, na kama hakuna shamba anageukia ukuta. Mimi ni Mnyiha wa Mlowo. Kwetu mkwe anasalimiwa kwa kupigiwa goti, halafu maisha yanaendelea. Nilipochumbiwa, shangazi yangu aliniambia, "Utazoea." Sikumwuliza nitazoea nini.

Kwa hiyo picha ninayoichora hapa ina upungufu mmoja, na ni haki msomaji aujue mapema: kwa zaidi ya miaka kumi sikuwahi kumwona mtu huyu usoni. Mgongo wake naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, na bega la kushoto lilikuwa juu kidogo kwa miaka mingi ya kuandika ubaoni. Viatu vyake pia navijua. Vilikuwa viwili tu kwa aina: buti za mpira za kwenye kahawa, na vyeusi vya kanisani ambavyo alivipiga rangi hata siku ambazo hakwenda kanisani.

Mtu atauliza, na picha je? Siku hizi nani hana picha? Zilikuwepo. Sebuleni Ikinga palikuwa na picha yake ya siku ya kustaafu, na kila tulipokwenda kusalimia kutoka Tunduma tunakoishi, mama mkwe aliifunika kwa kalenda. Kwenye simu ya mume wangu zilikuwepo nyingi, na mzee alishamwambia, "Uso ni uso, hata ukiwa kwenye simu." Nisiseme uongo, nilijaribiwa. Simu ilikuwa ikilala karibu na mto wangu kila siku. Lakini kuna heshima ambayo ukiishaibeba muda mrefu, kuitua kwa kuchungulia ni aibu zaidi kuliko kuitua mbele ya watu.

Kusemeshana hatukusemeshana, ila tulizungumza sana. Mzee alikuwa na mbuzi jike mweupe, na maagizo yote aliyonipa yalipitia kwa huyo. Nikiwa jikoni nilimsikia uani akisema, "Wewe mbuzi, leo mchuzi ulizidi chumvi." Au, "Mbuzi, huyu mtoto Atu ana homa, apelekwe zahanati, asipewe majani ya jirani." Atu ni binti yetu. Mbuzi alipokufa alinunuliwa mwingine haraka, na mume wangu aliposhangaa haraka ile, mzee alimjibu kwamba nyumba haiwezi kukaa bila mawasiliano.

Mimi nilijibu kwa vitendo. Chumvi ikapungua. Mtoto akapelekwa zahanati. Siku moja nilimpikia kisamvu kilichokolea karanga, na nikamsikia akimwambia mbuzi, "Leo sina la kusema." Nilifurahi wiki nzima. Mimi ninayeuza vitenge Tunduma na kubishana na Wazambia kwa Kibemba cha kubahatisha, nilifurahishwa na sifa alizopewa mbuzi.

Alikuwa mwalimu wa historia na jiografia wa shule ya msingi, na somo lake kubwa lilikuwa pwani. Watu wa Ikinga waliopita mikononi mwake wanaijua Kilwa kuliko wanavyoijua Mbeya. Wazee wazima, wenye wajukuu, ukiwakuta kilabuni watakuambia dhahabu ilitoka Sofala, ikapita Kilwa, na kwamba mfalme wa pale alikuwa na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Mwalimu wao hakuwahi kufika. Mbali zaidi alipofika ni Iringa, kwenye mazishi. Ukimwuliza kama alishaiona bahari, alijibu, "Na wewe umeshamwona Yesu?" na mazungumzo yaliishia hapo.

Hata hivyo chakula cha pwani alikichukia kwa moyo wote. Aliamini nazi ni kitu cha kupaka nywele. "Mboga iliyotiwa mafuta ya mti," aliwahi kumwambia mbuzi, "ni mboga ya mgonjwa." Tulipomletea kilo ya korosho, aliila peke yake kwa siku mbili akilalamika kwamba haina ladha.

Mambo yake yalikuwa hivyo, huku na huku. Alihubiri kwamba mtoto wa kike asome mpaka mwisho, akauza ng'ombe dada zake mume wangu wasome, lakini kochi alilokalia mkamwana hakulikalia. Alipinga ushirikina hadharani, lakini hakupita chini ya kamba ya nguo zangu hata kama mvua inanyesha na njia ni ile moja. Ukimgusia suala la mila alikuwa na jibu moja: "Mwacha mila ni mtumwa." Alilisema taratibu, kama anayesomesha imla.

Halafu mama mkwe akafariki.

Hapo ndipo mila ilipogeuka tatizo la watu wazima. Mzee akabaki peke yake Ikinga, na mtu aliyekuwa hajui sufuria inakaa wapi akaanza kujipikia. Jirani alimkuta mara ya kwanza akila mahindi ya kuchoma asubuhi, mchana na jioni. Mara ya pili alimkuta ameungua mkono kwa uji. Mara ya tatu alimkuta amelala tu, hajala, na alipomwuliza akajibu kwamba hana njaa, ni uvivu wa moto. Mume wangu alikwenda Ikinga akarudi, akakaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu muda mrefu. Nilimwambia, "Mlete baba hapa." Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa alete treni.

Nyumba yetu ya Tunduma ina vyumba vitatu, korido moja na choo kimoja. Mtu hawezi kumkwepa mtu kwenye korido ile hata akiwa na vikohozi kumi. Njia ilikuwa moja tu: mzee mwenyewe aivunje ile heshima. Mila inamruhusu. Baba mkwe akitaka kumfungulia mkamwana, anamwita, anampa kitu mkononi mbele ya watu, na kuanzia hapo anakuwa mwanawe. Wazee wengine Ileje walishafanya hivyo zamani, kwa kuku au kwa kitenge, na dunia haikuisha.

Mume wangu alimwomba, mzee akakataa. Alimpigia magoti, akakataa. Safari ile mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikichambua maharage, na nilisikia sababu kwa masikio yangu. "Mama yako," alisema, "alimwogopa baba yangu tangu siku ya kwanza mpaka siku tulipomzika. Hakumwona uso hata ndani ya jeneza. Leo nimfungulie mwingine, yeye huko aliko nimwambie nini? Kwamba alihangaika bure?" Nililia juu ya maharage, kwa sababu nilimpenda mama yule, na nilianza kuelewa kwamba nampenda na huyu mzee, ambaye angekufa kwa njaa akiwa na watoto wanaokula.

Ndipo mume wangu akabuni Kilwa. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu akisafiri siku nyingi na watu walewale, atachoka kujificha. Alimwambia baba yake kwamba mavuno yamekuwa mazuri na tunataka akaone ile nchi aliyoifundisha. Mzee akauliza nani wanakwenda. Akaambiwa mimi nipo, na Atu yupo. Jioni ile, tukiwa bado Ikinga, nikamsikia uani: "Mbuzi, basi ni kubwa. Kila mtu atapata pa kukaa."

Tulikaa hivi: mzee kiti cha mbele nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho kabisa pamoja na Atu, na mume wangu katikati kama forodha. Mzee alibeba unga wake wa Ikinga, maharage yake, na ndizi mbichi. Nilimwona mgongo kuanzia Tunduma mpaka Dar es Salaam, na kuanzia Dar es Salaam mpaka kuvuka Rufiji, na kila basi liliposimama watu wachimbe dawa vichakani nilisubiri mpaka kikohozi kimerudi kitini. Kondakta alimwuliza mume wangu taratibu kama mimi na yule mzee tuna kesi.

Kilwa Masoko tulifikia kwa mama mmoja mjane anayepangisha vyumba na kupika. Mtu mnene, mcheshi, mwenye khanga ya bluu na sauti ya kusikika msikitini. Mzee alipelekwa moja kwa moja kuona bahari, nami nikafuata kwa mbali. Alivua viatu vyeusi, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akainama, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Kisha akasema, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, "Ni kweli ina chumvi." Nilisikia nafuu katika sauti yake. Alikuwa ameyafundisha hayo maisha yake yote kwa imani.

Kesho yake tulikwenda kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, penye magofu, na bandarini safari ikakwama. Boti ilikuwa moja, ndogo, yenye mashine, na viti vyake vilitazamana. Mzee aliangalia viti vile. Akamwambia mume wangu jambo sikioni, mume wangu akamwambia mwenye boti jambo sikioni.

"Safari mbili?" mwenye boti akasema kwa sauti. "Nyie si mko wanne tu? Boti inabeba kumi!"

"Tunaomba safari mbili," mume wangu akasema.

"Huyu dada ana maradhi gani?"

"Hana maradhi. Ni mkamwana wake."

Mwenye boti akatutazama mmoja mmoja, akasubiri maelezo yaendelee, hayakuendelea. "Haya," akasema. "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Akawavusha mzee na mume wangu kwanza, kisha akarudi kunichukua mimi na Atu. Njia nzima alinitazama kwa huruma.

Kisiwani niliiona Kilwa kwa namna ambayo nadhani hakuna mgeni mwingine ameiona, yaani nikiwa nyuma chumba kimoja. Mzee, mume wangu na kijana mwongoza wageni walitangulia. Walipotoka msikiti mkuu ndipo mimi nilipoingia. Walipokuwa gerezani, yaani ile ngome ya kale, mimi nilikuwa nje ya ukuta wa gereza nikitazama mbuzi wa watu wa kisiwa. Kijana alianza kueleza, lakini baada ya muda sauti yake ilikufa, ikabaki moja tu, ile niliyoijua.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akifundisha. Uani Ikinga alisema maneno machache, ya chumvi na homa. Hapa alifungua koo. Alieleza matumbawe yalivyochongwa, chokaa ilivyochomwa, meli zilivyosubiriwa, na jinsi mji uliotisha ulivyobaki magofu. Mahali pengine alikosea. Alikuwa amewafundisha watoto wa Ikinga kwamba msikiti ule ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote la Mbeya, na alipoingia nilisikia hatua zake zikizunguka mara moja, zikasimama. "Ni mdogo," alisema. Baadaye akasema, "Lakini umekuwepo." Kijana akakubali kwamba umekuwepo.

Ilikuwa kwenye lile kasri la juu ya mwamba, lenye bwawa la pembe nane, ndipo nilipogundua jambo. Atu alikuwa amechomwa na mwiba, nikabaki nyuma nikiutoa. Mzee alikuwa anaeleza upande wa pili wa ukuta, akafika katikati ya sentensi akakatiza. Mume wangu akamwuliza kama amechoka. Hakujibu. Mimi nilipomaliza na mwiba, nikasogea, kokoto zikalia chini ya kandambili zangu. Mzee akarudia ile sentensi toka mwanzo, kwa sauti kubwa. Hakuna aliyekuwa kiziwi pale. Mume wangu alikuwa hatua moja kutoka kwake. Sauti ile ilikuwa kwa ajili yangu. Alikuwa amenisomesha kisiwa kizima kupitia madirisha na nyufa, na alikuwa akiningojea kila nilipochelewa. Nilisimama nimeshika ukuta, nikasikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi, na nilitamani kumwuliza swali.

Tulirudi Masoko mchana na njaa ya kweli, kwa safari mbili. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandika mkeka barazani na katikati ameweka sinia moja: wali wa nazi, samaki changu wa kupaka, mbaazi, na pilipili pembeni. Mzee alikaa ameupa mgongo mlango. Mume wangu na Atu wakakaa. Mimi nikapita kwa nyuma, nikaenda kukaa kwenye kigoda uani kusubiri wamalize, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote.

"Na wewe?" mama akaniuliza.

"Nitakula baadaye, mama."

"Baadaye ya nini? Sinia ni hili moja."

Mume wangu akamweleza. Alieleza vizuri, kwa heshima, na nilimwona yule mama akijitahidi kuelewa. Mwishoni akapangusa mikono kwenye khanga.

"Mimi sikatai mila ya mtu," akasema. "Ila kwangu sinia haliguswi mgeni mmoja akiwa nje. Mkisubiri, na mimi nasubiri." Akaja akakaa chini, karibu na kigoda changu, akaegemea ukuta. Alikuwa hana hasira. Alisubiri tu.

Hakuna aliyekula. Atu alinyoosha mkono, baba yake akaurudisha. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye samaki, ukapungua, ukawa kidogo sana. Nilitazama chini. Nilijua kwamba kama mzee hatatamka neno sasa, tutapanda basi, atarudi Ikinga kwenye mahindi yake ya kuchoma, na siku moja jirani atampigia mume wangu simu.

"Kinapoa," mama akasema, si kwa mtu yeyote.

Mzee akakohoa. Hakikuwa kimojawapo cha vile nilivyovijua.

"Mke wangu," akamwambia yule mama, bila kugeuka, "alikula chakula kilichopoa miaka yote ya baba yangu. Alipika yeye, akasubiri nyuma ya nyumba, akala mwisho. Mimi nilikuwa nakula cha moto na baba. Sikumwuliza hata siku moja kama alikipenda hivyo."

"Nani anapenda hivyo?" mama akasema.

Nikasikia nguo zikisuguana na mkeka, na nikajua mzee amegeuka, kwa sababu sauti ilinijia moja kwa moja, haikupitia ukutani wala kwa mbuzi.

"Mwanangu," alisema. "Njoo ule."

Nilikuja kwa magoti, nimeinamisha kichwa. Mkono wenye kovu jipya la uji ukamega kipande cha tumbo la samaki, pale penye mafuta, ukakiweka kwenye kiganja changu mbele ya watu wote. Ndipo nikainua macho. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoufikiria. Alikuwa na nyusi za mume wangu, zimeshakuwa nyeupe, na alipojaribu kutabasamu niliona ana mwanya. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mkwe wangu ana mwanya. Na yeye alikuwa ananitazama vilevile, kwa makini, kama mtu anayesahihisha.

Nilikula huku nalia. Mama mwenye nyumba alidhani ni pilipili, akanisogezea maji.

Mzee alikula wali wa nazi kimya kimya, akaongeza, akaongeza tena, akasema haufai. Alipomaliza akanawa mikono, akaniuliza, "Huko Tunduma mnakula chakula cha jioni saa ngapi?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu, na jibu langu la kwanza kwake. "Saa mbili, baba."

"Mnachelewa," akasema. "Tutakula saa kumi na mbili."